Baba Yake Robi ni Nyangi

Suna, Migori
Jumapili, baada ya alasiri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza, kabla kalamu haijapata la kusema. Natumai barua hii itakukuta salama, miguu imepungua kuvimba, na Mama bado anakuficha kile kikopo cha chumvi. Mimi mwili haujambo. Ile homa niliyokutajia imekwisha, alhamdulillahi. Nilimeza kwinini mpaka masikio yakanivuma siku tatu. Macho yako je? Kama bado yanatoa machozi, mpe kaka Omari akusomee, lakini mwambie asome yote asiruke mahali. Barua hii ina aibu yangu ndani yake, na ndiyo iliyonifanya nikae mwezi na zaidi bila kukuandikia.

Nitakwambia moja kwa moja, maana wewe hupendi maneno ya kuzunguka. Kwa kosa langu mimi, mtoto mmoja alitolewa kwao akapelekwa mbali, akakaa huko mwaka mzima na zaidi. Sikumpiga wala sikumwiba. Nilimwandika vibaya. Tangu nilipolijua kosa hilo, kazi yangu yote imekuwa kumrudisha, na katika kumrudisha nimekiacha kile cheo ambacho Omari amekwisha kukutangazia. Usikasirike bado. Nisikilize kwanza.

Huku mvua zimeshika. Udongo wa hapa ukilowa hung'ang'ania kiatu mpaka unabaki na mguu mtupu. Bado nakaa kwa Mama Swaleh, mke wa yule Mmalindi mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti, nao wananitunza kama mwana wao. Mji umechangamka, malori ya Isebania hayakatiki, na vijana wa kuchimba dhahabu kule Osiri wakija siku ya soko unawajua kwa vumbi kwenye kope. Sokoni bado naitwa Mwarabu. "Mwarabu, kuja hapa, nyanya ni mzuri." Nimewaambia mpaka nimechoka kwamba mimi ni Mswahili wa Kibokoni na bibi yangu mzaa mama alikuwa Mdigo. Wanacheka, halafu wanapandisha bei.

Rangi hii, Baba, niliipata kwa mama yako, na Mombasa sikuwahi kuifikiria. Nilikuwa Rukia tu. Huku imenifungulia milango ambayo hata sikuibishia hodi, na nilichelewa kulijua hilo.

Shirika letu unalijua kwa barua zangu za nyuma, tunashughulika na watoto waliofiwa. Mkuu wetu ni Bi Ingrid, Mzungu, mwaka wake wa sita huku, mama mchapakazi ambaye ameumwa malaria mara nyingi kuliko mimi. Chini yake tuko maofisa, yaani mimi, na Ouma ambaye ni mtu wa Homa Bay na ana diploma kama yangu, na wengine wawili. Chini yetu ndio wale tunaowaita wasaidizi, watu wa vijijini wenyewe, ambao wanajua nani alilala na njaa jana na nani amegombana na shemeji yake. Mkubwa wao ni Boke, Mkuria, mama wa watoto watano. Amefanya kazi hii miaka tisa. Alikuwepo kabla ya Bi Ingrid.

Kila Jumatatu tulikuwa na kikao cha kesi. Meza moja, viti vitano, na lugha ni Kiingereza. Wasaidizi walikaa nje barazani wakingoja kuambiwa tumeamua nini. Boke ndiye aliyekuwa akituletea chai. Nilikunywa chai ile mwaka na nusu, Baba, na siku hata moja sikujiuliza kwa nini mtu anayezijua nyumba zote tunazozijadili yuko nje na birika.

Sasa nikueleze nilivyokosea. Mwaka jana, wakati wa kuvuna tumbaku, tulipata habari za mtoto aliyefiwa na mama yake kwenye vilima vya upande wa Isebania. Ilikuwa Boke aende nami. Asubuhi hiyo yalifika mablanketi, na Bi Ingrid akasema Boke abaki ayashushe, mimi Kiswahili changu kinatosha. Nami nikaona kweli kinatosha. Nani wa kunishinda Kiswahili huku?

Nikamkuta mama mmoja mzee, mrefu, amenyooka, jina lake Nyangi. Pembeni yake mtoto wa kike wa miaka minne hivi, Robi. Mama yake Robi, Mokami, alikuwa amefariki miezi miwili nyuma kwa haya maradhi ya siku hizi. Nikaitoa fomu yangu. Jina la mtoto, nikaandika. Jina la mama, nikaandika. Nikauliza, baba wa mtoto ni nani?

"Ni mimi," Nyangi akasema.

Nikauliza tena, polepole, kama mtu anayesema na kiziwi. Akanijibu vilevile polepole. "Baba ni mimi. Mimi nilitoa ng'ombe."

Nikamtazama. Mwanamke mzima, kanga kiunoni, hereni masikioni, ananiambia yeye ni baba. Nikamchekea, kile kicheko tunachowapa wagonjwa. Nikaandika: Baba hajulikani. Mlezi ni mkongwe, akili zimeanza kumpotea. Kiingereza changu siku hiyo kilikuwa kizuri sana.

Wiki tatu baadaye kikao kikakata shauri. Mtoto hana baba, mama amekufa, bibi ana wazimu, basi apelekwe kwenye makao ya watoto upande wa Homa Bay, ziwani. Mimi ndiye niliyempakata Robi garini. Hakulia. Alikula biskuti zangu akashangaa ziwa. Nyangi alisimama kwenye boma lake akatutazama tukiondoka, na mimi nikajiambia maskini, hata haelewi. Ndiyo ile barua niliyokuandikia kwamba nimeokoa mtoto, nawe ukaniombea dua ndefu. Dua ile imenilemea tangu hapo.

Jambo ambalo sikulijua, Baba, na ambalo kila mtoto wa Kikuria analijua, ni hili. Kwao, mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe zake, ukoo unakaa, watu wanakula, na binti anaolewa aje katika nyumba ile. Watoto atakaowazaa ni wa nyumba ya yule mama aliyetoa ng'ombe. Yeye ndiye baba yao, kwa jina, kwa urithi na kwa kila kitu. Mwanamume aliyemzaa mtoto ni mpita njia tu, hana la kudai. Nyangi alimwoa Mokami mchana kweupe mbele ya wazee. Robi hakuwa yatima wa baba hata dakika moja. Baba yake alikuwa mbele yangu, akanijibu swali langu sawasawa mara mbili, na mimi nikamwandika mwendawazimu.

Usije ukafikiri sikuambiwa. Boke alinifuata barazani wiki ileile niliyojaza fomu. "Rukia," akasema, "ule mtoto wa Nyangi ako na baba. Ng'ombe zilitolewa. Mimi nilikuwa huko, nilikula."

Nilikuwa na haraka. Nikamjibu, "Boke, mambo haya yana utaratibu wake."

Akasema sawa, akaenda kuosha vikombe. Alimwambia Ouma pia, na Ouma akamwambia, "Hayo ni maneno ya Wakuria, hatuwezi kuandika kwa faili." Ouma, ambaye kila siku ananung'unika kwamba Wazungu wanatudharau. Na mimi ambaye nilikuwa nikinung'unika naye. Nyani haoni nini sijui, mwisho wake unaujua mwenyewe. Hatukuhitaji kufundishwa na mtu wa Ulaya kudharauliana, ile kazi tulikuwa tunaifanya wenyewe na kwa bidii.

Wakati huo Nyangi alikuwa anakuja. Sikujua. Alikuwa anatoka kwake alfajiri, anafika ofisini kwetu Migori, na mlinzi anamwambia asiye na barua haingii. Akaja tena na tena, hata mlinzi akawa anamtolea kiti chake akalie kivulini. Alikuwa anakaa mpaka saa tisa, halafu anarudi zake.

Mwishowe akaja na watu. Ilikuwa Jumatatu, tuko kikaoni. Tukasikia maneno getini, na mara Nyangi akaingia na wazee watatu wenye fimbo. Mmoja wao alikuwa baba yake Mokami, yaani aliyepokea ng'ombe za Nyangi siku ya harusi. Walikuwa wamekuja kutoa ushahidi. Wakasema Kikuria, na sote mezani, maofisa watano wa kuwaokoa watoto wa Wakuria, tukabaki tunatazamana. Hakuna aliyejua hata neno.

Bi Ingrid akamwita Boke. Boke akaja na mikono yake ya majimaji, akasimama mlangoni, maana kiti hakikuwepo, akawa anafasiri. Alieleza yote, ng'ombe, harusi, mtoto. Alieleza kwa utulivu, kama mtu anayesema jambo alilokwisha kulisema.

Alipomaliza, Bi Ingrid akanigeukia mimi. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Rukia, ni kweli hayo?"

Baba, nataka ulione vizuri jambo hili. Pale palikuwa na Wakuria watano, na mmoja ni mfanyakazi wake wa miaka mingi. Yeye anamuuliza mtu wa Mombasa kama Wakuria wanaijua desturi ya Wakuria. Na si kwa ubaya. Aliuliza kwa moyo safi kabisa, kwa sababu mimi nilikuwa mezani na rangi yangu na Kiingereza changu vilikaribiana na vyake. Wote wakanitazama, hata Nyangi. Nikaona uso wa Boke, na haukuwa na hasira, ulikuwa umechoka.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Nilikumbuka ulivyotusimulia habari za posta, ulivyomfundisha yule kijana wa Kizungu njia zote za barua za pwani, visiwa na vijiji, akazijua, na baada ya miezi sita akafanywa mkubwa wako, ukaambiwa umwite bwana. Ulikuwa ukitusimulia huku umetazama ukutani. Siku zote nilimchukia kijana yule, na siku ile nilijiona nimekalia kiti chake.

Nikamwambia Bi Ingrid, "Usiniulize mimi. Muulize Boke. Mimi ndiye niliyekosea." Nikasimama, nikasema yote, jinsi Nyangi alivyonijibu, jinsi nilivyocheka, jinsi Boke alivyonifuata barazani.

Bi Ingrid akageuka mwekundu mpaka shingoni. Akamwambia Boke, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," Boke akasema. "Ulisema niandike ripoti. Mimi siandikangi Kizungu. Nasema na mdomo."

Bi Ingrid akainuka kwenye kiti chake akampa Nyangi akikalie, akabaki amesimama mpaka kikao kikaisha. Nilitaka kumchukia mama huyu, Baba, ingekuwa rahisi. Lakini ni mtu anayeweza kuona haya, na watu wa namna hiyo si wengi, weupe kwa weusi.

Tukadhani sasa ni kwenda Homa Bay na kumchukua mtoto. Kumbe kumtoa mtoto kwao kunataka karatasi moja, na kumrudisha kunataka kumi. Makao wakasema wana maandishi ya mtaalamu kwamba mlezi hana akili timamu, na mtaalamu mwenyewe ni mimi. Nilikwenda mwenyewe kuikana kalamu yangu. Mkuu wa makao akaniuliza ni lini alikosea mtaalamu, siku ile au leo? Nikamwambia siku ile. Akasema basi aniamini vipi leo. Alikuwa na haki.

Ikabidi Boke achukue barua ya chifu, na ya wazee, na mimi niende kwa ofisa wa watoto, na Bi Ingrid aandike Nairobi. Miezi minne. Kila nilipokwenda Homa Bay nilimwona Robi. Amekua, amenyolewa, ana gauni la bluu. Anacheza na wenzake ufukweni kwenye omena, wale dagaa wa ziwani, zilizoanikwa, na anasema Kijaluo kama amezaliwa hapo. Mimi nami Kijaluo kimeniingia sana siku hizi, kazi yenyewe na soko vinanifundisha. Basi tukawa tunasemezana kwa lugha ambayo si yangu wala si yake. Nilimuuliza kama anamkumbuka Nyangi. Akaniuliza Nyangi ni nani. Siku ile nilirudi Suna nikashindwa kula, na Mama Swaleh akafikiri homa imerudi.

Katikati ya hayo ndipo wakaja wakubwa wa Nairobi kwa habari ya cheo. Bi Ingrid anarudi kwao mwisho wa mwaka, na walikuwa wameamua mimi niwe mkuu wa Migori. Walikuwa wawili, Mzungu mmoja na mwenzetu mmoja Mkenya mwenye tai. Wakaniambia sababu zao. Mimi si Mjaluo wala si Mkuria, sitaegemea upande, na siku hizi za vyama vingi makabila yameanza kutazamana vibaya. Kiingereza changu ni safi. Yule Mzungu akaongeza kwamba kusema nami ni kama kusema na mmoja wao. Alikusudia kunisifu. Baba, nilihisi kama nimepakwa kitu usoni.

Nikawaambia mkuu anayefaa yupo, ni Boke.

Yule mwenzetu mwenye tai akacheka. "Yule wa chai?"

Sikutaka kugombana mbele ya wageni, lakini unanijua. Nikamwambia ndiyo, huyohuyo wa chai. Nikamwambia kama angekuwa mezani mwaka jana, na mimi ndiye niliyeshika birika, kuna mtoto angekuwa kwao leo. Wakasema hana diploma. Nikasema mimi ninayo, na tazameni ilichofanya. Bi Ingrid akaniunga mkono, na pia akakubali makosa yake mwenyewe mbele yao, jambo ambalo sikulitegemea. Mwishowe wakaamua Boke ashike ukuu kwa mwaka mmoja wa kujaribiwa, na mimi niwe chini yake, nimwandikie barua zake za Kiingereza.

Basi ndiyo hivyo. Najua ulikuwa ukinitazamia, na najua Mama alikwisha kusema na majirani. Nisameheni. Sikukikataa kwa unyenyekevu, mimi na unyenyekevu tunapishana mbali. Ningekitaka sana. Lakini ningekaa kwenye kiti hicho kila Jumatatu nikijua nimekipataje, na wewe ungejua pia, hata kama usingesema.

Boke hakunishukuru, na alifanya vyema. Kikao chake cha kwanza aliitoa meza nje, akaazima mabenchi ya kanisa, akawaweka wasaidizi na maofisa pamoja. Akasema kuanzia leo tunasema Kiswahili, na kesi ya kila nyumba itaelezwa kwanza na anayeijua nyumba hiyo, na fomu itafuata nyuma. Kisha akanitazama. "Rukia, chai ni zamu yako." Watu wakacheka, nami nikaenda jikoni. Chai yangu haikupendwa, walisema nimetia tangawizi kama dawa. Ouma bado anamwita "ule mama" badala ya kumtaja jina, lakini juzi alimuuliza jambo kuhusu nyumba moja ya Kikuria, na akangoja jibu.

Wiki tatu zilizopita karatasi zikatimia. Tukaenda Homa Bay, Boke na mimi na dereva, tukamchukua Robi. Nikampakata tena. Safari hii hakutaka biskuti. Alikuwa akigeuka nyuma kulitazama ziwa mpaka vilima vikalificha.

Nyangi alikuwa amefagia boma lote. Amevaa kanga mpya, na ndugu wachache wamekaa kando. Nilidhani atamkimbilia mtoto. Hakumkimbilia. Alikaa kwenye kigoda akamwacha amtazame apendavyo. Kisha akamwita kwa jina, akamsemesha Kikuria, maneno machache, kwa sauti ya chini. Robi hakuelewa hata moja. Akajificha nyuma ya sketi yangu, akaivuta, akaniuliza kwa Kijaluo, "Wadok karang'o?"

Nyangi akaniangalia. "Anasema nini?"

Boke anakijua Kijaluo, alikuwa amesikia kama mimi. Angeweza kujibu yeye. Hakujibu, aliniachia mimi. Na nakiri, Baba, uongo ulikuja mdomoni mara moja, uongo mzuri. Kwamba anakusalimia, au kwamba ana kiu. Nani angeumia? Lakini nilikuwa nimekwisha kumwandikia mama huyu uongo mmoja.

"Anauliza tutarudi lini," nikamwambia.

Wale ndugu wakainamisha vichwa. Nyangi hakutikisika. Alikaa muda mrefu na mikono yake magotini, akimtazama yule mtoto aliyemtolea ng'ombe zake, ambaye sasa hawezi kumsalimu. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Akasema, "Mwambie amefika."

Nikachutama, nikamwambia Robi kwa Kijaluo kwamba amefika. Aliniangalia vizuri usoni. Lilikuwa jicho la mtu ambaye alikwisha kupelekwa mahali na mtu huyuhuyu, akiambiwa maneno mazuri hayahaya. Nikalia, Baba, mbele ya watu wote. Boke akanishika bega akaniambia twende gari, tuwaache.

Sasa Boke ameniagiza niende pale kila Alhamisi. Si kukagua, nimekatazwa kubeba karatasi. Nakaa tu, ili mtoto awe na mtu wa kusema naye mpaka atakapopata maneno ya kwao. Nyangi hunipa uji, nami namfasiria. Kikuria nimeanza kukiokota kidogokidogo, kwa hiyo tuko wanafunzi wawili, mimi na Robi, na mwalimu wetu hana haraka. Maneno yanamjia. Ameshajua maji, ng'ombe, njoo. Lakini kila Alhamisi nikisimama kuondoka huja kunishika mkono na kuniuliza swali lile.

Nisalimie Mama, mwambie asikate tamaa nami, bado ni mwanawe. Msalimie kaka Omari fundi wa saa, na mkewe aliyejifungua, nasikia mtoto amechukua pua yetu, maskini. Msalimie Shangazi Mwanamkuu, aliyenifundisha kusoma, umwambie mwanafunzi wake amejifunza kuandika ila anaanza upya kusikiliza. Na wale wazee wenzako wa posta waliobaki, uwape mkono wangu mmoja mmoja. Mama Swaleh na mumewe wanakusalimu, na Boke mkubwa wangu anakusalimu pia. Nilimweleza habari zako za posta, akasema mzee huyo amelea.

Mimi sikuombi uniombee cheo, Baba, wala afya. Ukisali, niombee Alhamisi moja tu ambayo nitasimama kwenda zangu na mtoto yule asiniulize tutarudi lini.

Ni mimi mwanao,
Rukia